Mama Mapacha Alinipa Nafasi Yake Nikamwone Mama Kinanda

Mpendwa mshauri,

Kabla sijakuomba msaada nataka ujue kwamba leo unasoma barua ya mtu mwenye bahati, maana naona wengi wanaokuandikia ni watu wa mikosi, mara mume katoroka, mara mkwe kahamia sebuleni na godoro lake, mimi siyo wa huko, mimi ni mwanaume niliyemwona Mama Kinanda kwa macho yangu haya mawili, siyo kwenye simu, siyo kwenye bango la ukutani, yeye mwenyewe na miguu yake, umbali kama wa kutoka kitandani hadi mlangoni, na aliponyoosha mkono kusalimia mashabiki aliniangalia mimi, akacheka, na lau si wale mabaunsa saa hizi ningekuwa sinawi huu mkono ninaokuandikia.

Mimi ni mpiga pasi. Usicheke. Sizungumzii pasi ya nyumbani ya kunyoosha shati la kwendea harusini. Tunafua mashuka ya hoteli nne na zahanati mbili, na hakuna shuka linalotoka pale bila kupita mikononi mwangu, meneja mmoja wa hoteli alisema mstari wangu wa pasi unaweza kukatia mkate. Shule nimesoma mpaka darasa la saba na robo, hiyo robo ni habari nyingine, yaliyobaki nimefundishwa na dunia, kwa hiyo hata mambo ya kisaikolojia nayaelewa, wewe andika tu.

Sasa pale kazini tuko wanne tunaompenda Mama Kinanda kuliko kawaida. Yuko Fundi, anayezitibu mashine zikigoma. Yuko Mrefu, dereva wa gari la mashuka. Yuko Mama Mapacha, anayekunja, na mimi. Huyu Mama Mapacha ndiye aliyetuambukiza wote. Mumewe alifariki wale mapacha hawajaota meno, na Mama Kinanda ana wimbo wake unaitwa Kiti cha Pili, wa mwanamke anayeandaa meza ya watu wawili halafu anakula peke yake, basi huo ndio wimbo wa Mama Mapacha, ikifika saa tisa, wakati mvuke umeshatumaliza na miguu imekufa ganzi, anauanzisha yeye na sisi tunaitikia. Na shuka kubwa, mshauri, halikunjwi na mtu mmoja, huyu anashika pembe huku na yule kule, mnavuta, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Mwenzake kwenye mashuka ni mimi, mwaka wa tisa huu, uso wake kwa juu ya shuka naujua kuliko ninavyoujua wangu.

Tamasha lilipotangazwa, Jumapili alasiri, tukakata tiketi nne. Msimamizi akaja na sura yake ile akasema hoteli zinabadilisha mashuka Jumapili, mmoja wenu atabaki. Kwetu jambo kama hilo linaamuliwa na kopo la vifungo. Kila kifungo kinachong'oka kwenye nguo za wateja kinaingia kwenye kopo, na tukiwa na ubishi tunatia vyeupe vitatu na cheusi kimoja kwenye mfuko wa foronya, unafumba macho, unachota. Nikachota cheusi. Mimi huyu. Nikacheka kwa nguvu ili wasinione nilivyoumia, lakini Mama Mapacha aliniona, akakipokonya kile kifungo mkononi mwangu.

"Lete hapa. Nenda wewe."

"Acha utani, Mama Mapacha. Yule ni mwimbaji wako."

"Mimi nabaki. Sasa hawa wawili wakienda bila wewe nitapata nini? Nikimuuliza Fundi ilikuwaje, atasema spika zilikuwa nzuri. Mrefu ataniambia habari za maegesho. Wewe una mdomo, baba. Nenda ukaniletee."

Nikaona haya, mshauri, nina moyo mkubwa lakini haya pia ninazo. Nikamwambia msimamizi Jumamosi napiga pasi za Jumamosi na za Jumapili kwa mkupuo mmoja, ili Mama Mapacha asibaki na mlima, na ile sehemu ya Fundi na Mrefu ya kupakia nikaifanya pia, nikaanza alfajiri nikamaliza alfajiri nyingine, nikaoga, nikavaa shati lenye mistari ya kukatia mkate, tukaenda.

Ukumbi gani ule! Viti vyekundu, vile ukikaa vinakumeza mpaka kiunoni. Kiyoyozi kinapuliza ubaridi wa taratibu, na mimi ni mtu wa mvuke, mwili wangu haujui mambo hayo. Taa zikazimwa. Mama Kinanda akatoka na gauni la kijani linaloburura, na fimbo yake, akakaa kwenye kinanda, watu wakasimama. Basi tamasha likawa tamasha, nikuambie nini, lilikuwa la moto, kila mtu alikubali. Halafu watu wakatoka.

Jumatatu Mama Mapacha akanikabidhi pembe mbili za shuka na kusema, "Haya, anza." Nikaanza. Nikampa gauni, nikampa fimbo, nikampa makofi, na nilipofika katikati nikamwambia Mama Kinanda alinyamaza, akavua miwani, akasema, "Huu ni wa kina mama walioko kazini muda huu," akaimba Kiti cha Pili kutoka mwanzo hadi mwisho. Mama Mapacha alilia mpaka lile shuka likarudi kufuliwa. Tangu siku hiyo hasubiri saa tisa, anaimba tangu anapovaa aproni. Amewasimulia mapacha, amemsimulia mwenye nyumba wake, amenisimulia hata mimi.

Tatizo ni hili. Jumamosi ijayo Mama Kinanda atakuwa redioni anapokea simu za mashabiki, na Mama Mapacha ameshaandika nyuma ya stakabadhi ya mashuka maneno ya kumshukuru hewani kwa kuwakumbuka kina mama wa kazini. Na hawa rafiki zangu wawili wamenivuta nyuma ya boila. Mrefu ananiambia, "Bwana we, ule wimbo haukuimbwa." Mimi nikasema uliimbwa. Fundi akasema, "Ndugu yangu, kwani wewe ulikuwa tamasha gani?" Wamenipa mpaka Ijumaa, nisipomwambia mimi watamwambia wao. Ni wivu tu, kwa sababu mimi najua kusimulia na wao hawajui. Naomba uniambie nifanyeje hawa watu wanyamaze, au nimzuieje Mama Mapacha asipige ile simu bila kumvunja moyo, kwa sababu nimechoka, mshauri, na siyo miguu, miguu nimeizoea, kila nikishika pembe ya shuka ananitazama akisubiri nimwongezee kidogo, na mimi namwongezea.

Wako,
Mpiga Pasi Nambari Moja

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Mpiga Pasi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikavua miwani. Una kipaji cha kusimulia. Umenionyesha kopo, vifungo, foronya, mpaka mstari wa shati lako. Viti vya ukumbi nimevikalia. Ubaridi umenipiga. Lakini kwenye hilo tamasha lako la moto sikusikia wimbo hata mmoja. Taa zimezimwa, watu wamesimama, halafu watu wametoka! Mtu anayeweza kuandika mistari mitano kuhusu kifungo anakosaje mstari mmoja wa kuandika kuhusu mwimbaji anayempenda?

Mwenzangu wa meza ya pili hapa ofisini alikuwepo Jumapili hiyo. Nimemuuliza. Kiti cha Pili hakikuimbwa. Watu waliuomba, Mama Kinanda akawaambia kifua chake hakifiki tena kule juu, na akaomba radhi. Kila aliyekuwa macho ukumbini alisikia.

Nimesema aliyekuwa macho. Mtu aliyesimama kwenye mvuke kutoka alfajiri hadi alfajiri, akakalishwa kwenye kiti kinachomeza, akapulizwa na kuzimiwa taa, mimi nimelea watoto wanne, huhitaji kunimalizia.

Kulala si kosa, baba. Ulilala kwa sababu ulibeba kazi za watu watatu, na mmoja wao ni huyo mama. Ungemwambia Jumatatu asubuhi angekutukana kidogo na mngeendelea na mashuka. Kosa lako ni kwamba uliona aibu ya kurudi mikono mitupu, ukaingia kwenye kidonda chake ukachukua kitu humo na kumrudishia kama zawadi. Na unaendelea kumwongezea! Halafu unaniomba mimi nikusaidie kuwaziba midomo watu wawili ambao wamekustahi kuliko unavyostahili. Hao unaowaita wenye wivu walikaa kushoto na kulia kwako. Walijua tangu siku ya kwanza, wakakuachia nafasi ya kusema mwenyewe.

Sasa sikiliza. Gazeti hili linatoka Alhamisi. Una leo na kesho. Huyo mama akipiga simu Jumamosi, akamshukuru Mama Kinanda mbele ya nchi nzima kwa wimbo ambao Mama Kinanda mwenyewe anajua hana tena kifua cha kuuimba, watakaoaibika ni wanawake wawili ambao hawajakukosea lolote. Wewe utakuwa umekaa pembeni unapiga pasi.

Mtafute Mama Mapacha, mkalishe chini, mikono yake ikiwa haina kitu. Anza na neno "nilidanganya", usianze na zile zamu mbili za Jumamosi. Zamu mbili ni utetezi, na utetezi utauleta akikuuliza, asipokuuliza uache ukae. Usimchekeshe. Najua utataka. Kisha mwite Fundi na Mrefu wamweleze walichokiona kweli, hata kama ni spika na maegesho. Atapata kidogo, lakini kitakuwa cha kweli.

Na ukiniandikia tena, usianze na bahati.

BARUA YA PILI, ILIYOTUFIKIA BAADA YA WIKI MBILI

Mshauri,

Uliniambia nimkalishe. Yule mama hakai. Tangu nimjue sijamwona amekaa, kwa hiyo nilimwambia Ijumaa saa tisa tukiwa na shuka kubwa la hoteli mikononi, nikasema, "Mama Mapacha, nilidanganya. Sikumwona."

Akasimama vilevile na pembe zake mbili. "Hukumwona vipi?"

"Nililala."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka watu walipokuwa wanatafuta mikoba."

"Na Kiti cha Pili?"

"Hakikuimbwa. Amesema kifua hakifiki."

Akalivuta lile shuka likanitoka mikononi, akalikunja peke yake, vibaya, yeye ambaye hajawahi kukunja vibaya. Halafu akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Nilikupa macho yangu, ukaenda kuyafumba." Akamwita Mrefu aje ashike upande wa pili. Utetezi wangu hakuuliza, na mimi sikuutoa. Mrefu ndiye aliyemwambia wiki iliyofuata, kwamba Fundi alinitikisa mara mbili pale ukumbini na yeye akasema mwache, huyu kafanya kazi yetu, wakanifunika koti.

Jumamosi redio ilikuwa imewashwa pale kwenye mashine. Hakupiga simu. Ile stakabadhi niliiona imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa aproni yake. Fundi, maskini, akajikohoza, akaanza kumsimulia tamasha tangu mwanzo, jasho linamtoka, na neno lake la kwanza likawa, "Kusema kweli, spika zilikuwa nzuri." Mama Mapacha akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa naogopa kuonekana.

Siku tisa nimepiga pasi bila kukunja. Jana saa tisa, Mrefu yuko safarini, akanijia na shuka, akaniwekea pembe mbili mkononi. Tulikunja mashuka thelathini na moja. Hakuimba, na hakuniomba nimsimulie chochote, na mimi sikumwongezea hata kidogo.

Ile bahati niliyokuandikia mwanzo ni uongo. Mama Kinanda hakunitazama, hakucheka, na mimi sikumwona. Hata lile gauni la kijani niliambiwa na Mrefu.

Mpiga Pasi