Sijida ya mkwe bondia

Shoga, nimeaibika! Nimetoka kwa Bi Nunu hapa Nizwa, kufuata jibu la posa ya Bassam wangu kwa binti yake Wiam.

Unamjua mkwewe yule, mume wa dada yake Wiam, bondia Muingereza aliyesilimu. Mwaka mzima hatupumui kwa majigambo ya Bi Nunu: kamlaza huyu London, kamlaza yule Manchester! Leo kaahidi akishinda atasujudu mbele ya watu.

Basi tunamtazama kwenye televisheni. Kengele ndio kwanza imelia, huyo chini, paji la uso sakafuni. Mimi nikapiga takbiri: "Allahu Akbar, kasujudu!"

Kasujudu, shoga! Nami machozi yananitoka!

Bi Nunu akasema: "Huyo kapigwa, mama Bassam."

Refa akamhesabia mpaka kumi, sijida haijesha.

Wiam kacheka mpaka kamwaga kahawa. Mamake akavuta pumzi: "Posa tumeikubali. Ila haya yasitoke humu ndani."

Nimeapa. Wewe ndiye wa kwanza kukwambia.