Paneli ya Mama Imeliwa na Majivu

Nyandira, Mgeta

Kaka Deogratias,

Shikamoo. Habari za Gairo? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku ni baridi na ukungu, ila tunapumua. Nimeandika kwa mkono kwa sababu nikipiga simu mama hukaa ubavuni kwangu, akasikia kila neno.

Nimesikia ulivyomwambia dada Kristina, eti nimemfungia mama paneli feki ya sola, eti ufundi wangu ni wa kuokoteza stendi ya Msamvu. Ni kweli niliuokoteza, kaka. Hakuna aliyenilipia ada. Lakini viungio vya nyaya nilivipaka grisi, boliti niliweka zisizoshika kutu, na paneli niliinyanyua kwenye nguzo fupi uani ipigwe upepo. Nikamwambia mama aifute kwa maji matupu na kitambaa laini, basi.

Jumamosi nilikuja kuikagua. Jua lilikuwa kali, ilipaswa kutoa volti ishirini; ikatoa saba. Fremu imetoka unga mweupe, gundi ya pembeni imechimbika, maji yameingia, waya wa ndani umekuwa kijani. Mita ingali mkononi, mama akatoka na majivu na stilwaya. Akaanza kuisugua kama anavyosugua vyombo kila Jumamosi, asiende misani ameacha uchafu nyumbani. Nikapiga kelele kwamba majivu yanakula alumini. Akacheka, akasema masufuria yake yote ni ya alumini na hakuna lililowahi kulalamika. Halafu akanilaumu: hiyo paneli yangu ni chafu, ndiyo maana taa imefifia tangu Kwaresima, na kila akizidi kusugua ndivyo inavyozidi kufifia.

Nikaing'oa, nikafunga mpya. Betri ikajaa. Jioni niliwasha taa ya sebuleni, mwanga ukanichoma macho. Mama alikuwa amekaa chini yake, uso ameuinua. Akaniuliza kwa upole, Winfrida mwanangu, mbona unachelewa kuwasha?

Taa haikufifia Kwaresima, kaka. Macho yake ndiyo yaliyoanza, ndipo akaisugua paneli.

Nilimjibu kwamba nawasha sasa hivi. Mpaka leo sijamwambia. Kutu ya paneli najua kuizuia. Hili silijui hata pa kulishikia. Njoo tumpeleke hospitali wawili, kama bado kuna la kufanywa. Peke yangu sitaweza.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mama naye anakusalimu. Anauliza kama taa yako huko inawaka vizuri.

Mdogo wako,
Winfrida