Steringi wa Mbuchi

Kibiti,
Mei 1996

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya. Siku zote huandika hivyo kwa mazoea, lakini safari hii nimeandika kwa kumaanisha, na sababu utaiona mbele. Mguu unaendeleaje na baridi ya huko Mahenge? Je, kaka Wenceslaus amemaliza kuezeka jiko, au bado anangoja mabati yapande yenyewe? Mimi ni mzima wa mwili. Niko hapa Kibiti nyumbani kwa Kristina, yule muuguzi niliyesoma naye sekondari. Mvua hazituachi tupumue, na barabara imekuwa tope tupu.

Mama, zile barua nilizokuandikia kutoka Mbuchi, huko deltani nilikopangiwa kufundisha, kwamba nimezoea, kwamba watu ni wema na samaki ni wengi, zilikuwa kweli nusu. Watu ni wema, na samaki ni wengi. Ila barua zote za kule hutoka kwa boti ya mashine ya mtu mmoja, naye alikuwa anazifungua zangu. Nililijua hilo siku aliponipa pole kwa maumivu ya jino, na jino hilo nilikuwa nimekueleza wewe peke yako. Kuanzia hapo nikawa nakuandikia yale tu ambayo sikujali akiyasoma.

Mtu huyo anaitwa Sadala. Ananunua kamba wa baharini na boriti za mikoko, anapeleka Nyamisati, na boti yake ndiyo mlango wa kijiji. Usidhani nakusimulia habari za mhuni. Hanywi, hatukani, swala haimpiti. Hajawahi kunigusa hata kidole, na hapo ndipo tabu ilipo, maana hakuna cha kushitaki. Alianza kwa kuniletea maji ya kunywa. Nikamshukuru. Kisha nikirudi kutoka darasani nakuta paa la nyumba yangu limetiwa makuti mapya. Kisha kanga yangu ikapotea kwenye kamba, ikarudi imefuliwa na kupigwa pasi. Mwisho akapindua mtumbwi mbovu mbele ya nyumba yangu akaufanya kiti. Nikifungua dirisha yupo, nikilifunga yupo. Nikimwambia kwa heshima kwamba simtaki, anatabasamu na kuniombea usiku mwema.

Sasa nikueleze habari ya video, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kwa nini kijiji kizima kilikuwa upande wake. Tangu serikali ilipofungua biashara, kila kitu kinafika, hata Mbuchi. Kijana mmoja, Idrisa, alirudi kutoka Dar na televisheni, deki na jenereta, akajenga banda. Filamu ni za Kizungu na wengi hawakijui, basi Idrisa huzima sauti, anashika maiki na kufasiri. Kiingereza chake ni cha kuombea maji, lakini mdomo anao. Na ana kanuni moja inayojulikana na kila mtoto: yule anayeonekana kwanza na kuonekana zaidi ndiye steringi, na steringi hakosei wala hafi.

Akaleta filamu ya mwanamume anayemfuata mwanamke. Nilikwenda kuiangalia mchana mmoja na jirani yangu Mwantumu, mjane anayeuza mikeka. Mama, ile filamu imetengenezwa kwa ujanja wa kuogofya. Tangu mwanzo tuko na yule mwanamume. Tunakaa naye ndani ya gari akingoja, tunamwona mwanamke kwa macho yake, mgongo, shingo, dirisha. Chumba chake ni kisafi mno, na ukutani kabandika picha za huyo mama wa watu, amezipanga vizuri kama madhabahu. Ameumbwa hivyo ili umzoee kwanza, halafu ujishtukie umekaa na nani. Ila Idrisa alikuwa amezima sauti, na muziki wa kutisha ukaondoka nayo. Kwake yeye huyo ndiye steringi, basi kila alilofanya likawa pendo. Mwanamke akipiga kelele, Idrisa anasema eti anamlilia. Akifunga mlango kwa komeo, eti anaogopa baba yake. Watu wakamhurumia mwanamume hadi wengine wakatokwa na machozi.

Mwishoni yule mwanamke alimuua. Hapo banda lilichafuka. Steringi kafaje? Wakadai wameuziwa kanda mbovu, mkia wa filamu nyingine umeungwa. Idrisa akajifunza. Kila alipoirudia, na aliirudia sana maana ilipendwa, aliisimamisha pale mwanamume anapomtia mwanamke ndani ya gari, akatangaza kwamba wakaishi raha mustarehe.

Sadala hakukosa hata mara moja. Vijana wakaanza kumwita Steringi, naye akalipenda jina. Siku moja alinisimamisha njiani akaniuliza, kwa kuwa mimi nakijua Kizungu, yule mwanamke alisema neno gani la mwisho. Nikamwambia kweli, kama nilivyoisoma midomoni mwake, alisema, niache. Akacheka kwa upole akanijibu kwamba tafsiri ya Idrisa ni nzuri zaidi, eti mwanamke alisema, mbona umechelewa. Mama, niliogopa siku ile kuliko siku zote. Nilijua sasa kwamba lolote nitakalolisema litafika kwake limekwisha fasiriwa.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Zebedayo, mtu wa bara kama sisi. Akaniambia nimshukuru Mungu kwa kupata mlinzi. Nikaandika barua ya kuomba uhamisho, kisha nikakumbuka itapita kwa boti gani, nikaichana. Likizo ilipofika mashine ya Sadala ikaharibika. Wenye mitumbwi wote wakawa na udhuru, mara kasia limevunjika, mara maji hayafai. Mmoja akanieleza bila kificho: “Mwalimu, hatuwezi kumpakia mchumba wa mtu. Sadala kakupenda kweli, bibi we, wala si mchezo.” Nikarudi nyumbani nikakaa sakafuni, mbali na dirisha, na likizo yote nikaimaliza hapo.

Aliyeniona ni Mwantumu. Nasema hivi usije ukadhani nilimkataa Sadala kwa ajili ya dini. Mwantumu ni Mwislamu safi, na bila yeye ningekuwa bado sakafuni. Aliniambia kwamba kule mtu anaweza kunyimwa chombo kwa lolote, isipokuwa msiba. Wa msiba hazuiwi wala hahojiwi. Nikasema basi tuseme shangazi. Akatikisa kichwa. Shangazi atasomewa dua hapo hapo, wataniambia nilie kisha ninyamaze. Baba wanajua alifariki zamani. Akanitazama, akashindwa kulitamka, nikalitamka mimi.

Mama, nimekuua. Nisamehe. Mwantumu alijipakia na mikeka yake kwenye boti ya Sadala, iliyokwisha kupona, akaenda Nyamisati, akarudi na kilio kinywani tangu gatini, eti kule kapewa habari ya kifo chako. Sikulazimika kuigiza. Nililia kweli, kwa aibu na kwa uchuro niliokutupia, na wanawake wa Mbuchi wakakulilia pamoja nami kana kwamba walikunyonya. Mmoja alikusifia ugali wako. Hapa Kibiti nimekwenda kuungama, na padri akanipa malipizi.

Sadala mwenyewe ndiye aliyetupeleka. Wanawake walijaa chomboni kunisindikiza, na hawakuniacha mkono hadi Nyamisati. Nilidhani nimetoka. Pale gatini akanikabidhi ubani wake, kaufunga ndani ya leso, akaniuliza mbele ya wote matanga yako wapi. Hilo sikuwa nimeliwaza. Aliyefiwa hafichi jamvi la matanga, na wote walikuwa wananingoja. Nikasema, Mahenge, jirani na parokia, waulizie kwa Mama Wenceslaus. Nimezoea kusema kweli, Mama, mlinilea hivyo. Akarudia maneno yangu taratibu, akasema atakuja kuhani kabla ya arobaini. Wanawake wakamsifu kwa utu wake.

Ofisi ya elimu imeniambia kwamba kupendwa hakumo katika sababu za uhamisho, nisubiri. Nikawa nasubiri, nikijipa moyo kwamba watu husema mengi gatini. Jana Kristina kamwona Sadala stendi, kavaa kanzu mpya, anauliza gari la kumuunganisha Morogoro hadi Ifakara. Hakuuliza niko wapi. Anajua kwamba mtoto hukaa kwenye matanga ya mama yake.

Barua hii nampa dereva wa gari la misheni, anayeondoka alfajiri kuelekea huko. Namwomba Mungu imtangulie Sadala.

Mama, akifika usijifiche, wala Wenceslaus asije na panga. Kaa barazani mahali pako. Ni mrefu, mpole, atakupa shikamoo ya adabu. Mkaribishe wewe mwenyewe, mwambie wewe ndiye Mama Wenceslaus. Mwite padri na majirani wawepo. Kisha mrudishie ubani wake. Nimeufunga pamoja na barua hii, leso sijaifungua. Na umwambie mwanao alimjibu nini. Sema neno moja tu, niache, ulirudie hadi alisikie. Hapo barazani kwako Idrisa hayupo.

Nisalimie Wenceslaus na wanawe, na Mama Mkuu wa masista. Majirani wakija na vilio, wape chai uwaonyeshe kwamba unakunywa.

Ni mimi mwanao, ninayekuombea maisha marefu,

Consolatha