Honi ya Gari la Mapalo

Kamalondo, Jumatano

Kwako yaya Stanislas, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, mke wako Deborah na watoto. Mgongo wako umepoa? Sisi huku ni wazima wa mwili. Wa roho, siwezi kuapa.

Yaya, gari hili litanitia wazimu. Tangu mwanamuziki Mapalo afariki na watoto wake wamwachie Papa, baba yetu, gari hilo kwa kuwa alikuwa dereva wake wa miaka yote, ua wetu umekuwa makumbusho. Kila Jumapili wageni wanakuja kupiga picha, na mimi nianue nguo zangu ili wapate nafasi. Papa anaanza upya hadithi yake: Mercedes ilivyofika kutoka Dar es Salaam usukani ukiwa kulia, fundi wa Kampemba, hapa mjini kwetu, akauhamishia kushoto; fundi cherehani wa mtaa wetu alivyovisha viti madoa ya chui; vishikio vya milango vikafuliwa kwa shaba nyekundu. Mwisho anapiga honi, inayolia mwanzo wa wimbo wa Mapalo. Hapo hata mimi niliyenuna, mabega yananicheza.

Lakini tangu aanze kusahau, kila alfajiri Papa anavaa kofia yake ya kazi, anaingia garini na kupiga honi hiyo kumwita bosi. Nikimzuia ananijibu, “Acha, Jose, Patron iko ananingoja.” Marehemu alipokuwa hai hakuamka kabla ya saa sita mchana, sasa amekufa ndiyo aamshwe kabla ya majogoo! Jirani Mama Julienne amekuja kulalamika mara tatu. Mara ya nne alikuja na mkuu wa mtaa.

Sasa nikuambie jambo ambalo kwenye simu ningeshindwa. Nilikwambia panya wametafuna waya wa honi. Hakuna panya. Niliukata mimi, Jumapili jioni, kwa kisu cha jikoni, kisha nikalala usingizi mzuri.

Jumatatu Papa alibonyeza, akabonyeza, akashuka. Tangu hapo hatoki kitandani, hata uji hataki. Jana aliniuliza polepole kama Patron amemfukuza kazi, na kosa lake ni nini. Nilikwenda jikoni nikalia.

Wewe ndiye fundi wa umeme wa magari. Njoo Jumamosi na vifaa vyako uunge ule waya. Majirani nitawaomba radhi mwenyewe. Na kama sauti inaweza kuongezwa, iongeze, maana masikio ya Papa nayo yamechoka. Kofia yake nimeshaifua.

Mwanangu Glodie anakusalimu sana, anauliza utamletea nini kutoka Kolwezi. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Joséphine