Televisheni Badala ya Kaka

Jumamosi, 1 Machi

Leo ndiyo leo! Zamu ya kaka ya kumuuguza baba inaanza. Nimemwogesha baba mapema, nimemnyoa, nimemvalisha shati la kijivu. Begi langu liko tayari tangu Alhamisi – nguo nne, mkasi mzuri, futi, kopo la sindano. Mama Pazia, tajiri wangu wa zamani, kanipa kazi ya mapazia ya hosteli mpya ya chuo. Vyumba themanini, wiki tatu, mafundi wawili chini yangu. Chini yangu mimi! Tangu baba apate kiharusi, miaka miwili sasa, sijashona kitu cha maana nje ya nyumba hii.

Saa tano gari likapiga honi. Nikakimbilia geti na aproni yangu. Wanaume wawili na boksi moja, pana kama mlango. Ubavuni limeandikwa OLED TV. Kaka hayumo.

Nikampigia. Anacheka! Sapraizi hiyo, mdogo wangu. Kazi zimembana, kuja hawezi kwa sasa, lakini hiyo itamchangamsha mzee, hata hatagundua nani yupo na nani hayupo. Inchi sitini na tano, kasema. Kairudia mara tatu.

Nikamuuliza kama inaweza kumgeuza mtu kitandani. Kasema nisianze.

Jumapili, 2 Machi

Fundi wa kuitundika kaja. Mtu mpole, penseli sikioni. Kazunguka chumba cha baba, kagonga kuta zote, kasema unaofaa ni mmoja tu – ule unaotazamana na dirisha. Basi kiti cha baba kikageuzwa. Dirisha sasa liko kisogoni kwake.

Dirisha lile ndilo lililokuwa kazi yake. Ng'ambo ya barabara kuna duka la dawa, na bango lake alilichora yeye mwenyewe enzi zake za kuchora mabango. Kila asubuhi alikuwa analisoma kwa midomo, herufi moja moja, halafu anawapungia watu mkono ule mzima. Herufi moja inabanduka rangi. Inamkera mno.

Fundi kanionya mambo mawili. Hii aina haipendi picha isiyosogea – ukiacha picha ileile kutwa nzima, siku nyingi, inabaki kivuli ambacho hakifutiki tena. Na nisiizime kwenye swichi ya ukutani. Nizime kwa rimoti tu, maana ikipumzika inajisafisha yenyewe ndani kwa ndani. Nimeandika hapa nisije nikasahau.

Ilipowashwa, kabla picha haijaja, ikawa nyeusi kwanza. Baba akanyanyua mkono. "Nyeusi," kasema. Neno jipya! Maneno yake yote yaliyobaki hayafiki kumi. Fundi akamweleza kuwa kila kinukta kinajizima chenyewe, ndiyo maana ni nyeusi hasa. Baba akatikisa kichwa taratibu. Rangi hiyo kaitafuta kwenye makopo maisha yake yote, mzee wangu.

Jumanne, 4 Machi

Kaka kaona picha niliyomtumia. Kasema mwanga wa dirishani unaharibu, nishone pazia zito. "Si wewe ndiye fundi wa mapazia?" Nimeshona. Kitambaa cha mara mbili, bitana nyeusi, pindo la vidole vinne. Limetoka zuri kupita kiasi. Pazia langu la kwanza ndani ya miaka miwili, na nimemfungia baba yangu gizani.

Halafu Mama Pazia kapiga. Moyo ukanilipuka – nilidhani kampa mwingine. Kumbe plasta ya hosteli haijakauka. Kazi imesogezwa hadi Jumatatu tarehe 28 Aprili. Jumapili ya kabla yake, saa tisa, atanipitia na gari. Nisipokuwepo, kasema bila kunificha, hatanipigia tena.

Nimemwambia kaka. Kajibu: tarehe 27 nipo, andika. Haya. Nimeandika.

Jumapili, 9 Machi

Kwenye grupu la familia leo nimevishwa kilemba cha ukoka. Dada, kutoka huko ughaibuni kwake, kaweka mioyo sita: kitinda mimba wetu, nguzo yetu! Halafu yakaja maagizo. Wanataka niweke ile picha ya siku kaka alipohamia nyumba yake. Kaka, wifi na dada, wamekumbatiana, mashati meupe, meno nje. Ikae kwenye TV mchana kutwa mzee anapokuwa haangalii kitu. Asije akatusahau, kaandika dada.

Mimi simo. Mimi ndiye niliyepiga. Kwenye kona ya chini kuna doa jeusi – kidole changu gumba.

Nikawaambia alichosema fundi. Kaka kasema mafundi wanapenda kujifanya maprofesa. Ikianza kufifia yenyewe, nifute hiyo setingi – katuma na maelekezo, mishale myekundu kila hatua. Na nikimaliza nizime ukutani, umeme wa huko haueleweki.

Sawa, kaka. Wewe ndiye mkubwa.

Ijumaa, 14 Machi

Picha. Uji. Dawa. Picha. Mazoezi ya mguu. Picha.

Jumatano, 26 Machi

Leo baba kasema "Zima." Nikadhani kachoka. Nikazima. Kasema tena, "Fungua," na kidole kinaelekea nyuma. Nikafungua pazia – na barabara yote ikaingia kwenye kile kioo cheusi! Watu wanapita, baiskeli, mama wa duka la dawa anafagia. Na bango lake, ingawa kinyumenyume. Baba kacheka. Kacheka kweli, mpaka mate yakamtoka. Tukakaa pale kama saa nzima tukiitazama TV iliyozimwa. Na mimi nilikuwemo, nyuma ya kiti chake, nimeshika kitambaa.

Ningeweza kumgeuzia kiti tu, nikamaliza. Nilijaribu wiki ya kwanza, kaka akaona kwenye video akafoka – kitu kizuri namna hii mzee anapewa kisogo? Na leo pia kapiga simu ya video palepale. Mbona picha haipo? Mbona pazia liko wazi? Nikafunga. Nikawasha. Baba kafumba macho hadi jioni. Najichukia kwa hilo, nasema wazi. Mwanamke mzima wa miaka arobaini na moja naamrishwa kupitia simu, na naitikia.

Jumapili, 6 Aprili

Nilijua! Nilijua tu. Kaka kaanza kwa salamu ndefu, nikajua. Tarehe 27 imekuwa ngumu kidogo. Kuna semina. Labda Juni.

Nikamwambia nimeshakubali kazi. Kasema hosteli zipo tu, zinajengwa kila siku, baba ni mmoja. Nikasema ni mmoja kwako pia. Hapo dada akaunganishwa kwenye simu, wakanishika wawili. Dada kwa sauti yake ile ya kanisani: mdogo wangu, tuambizane ukweli, wewe huna mume wala mtoto, unakimbilia wapi? Sisi tuna majukumu. Na TV tumeleta.

TV tumeleta.

Nilikata simu nikaenda chumbani kwa baba nikasimama mbele yao, wale watatu na meno yao. Nikachukua rimoti. Nikapandisha mwanga mpaka mwisho – mia kwa mia. Chumba chote kikawa cheupe, baba akakunja uso, nikamgeuzia kiti kwenye dirisha, nikafungua pazia.

Mzee asiwasahau. Si ndivyo walivyosema? Basi wakae hapo. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, kisha nazima ukutani. Nafanya walivyoagiza neno kwa neno.

Alhamisi, 17 Aprili

Picha haijasogea. Baba anasoma bango lake, na mimi nimeanza kumpimia mama wa duka la dawa pazia la stoo. Wao nyuma yetu wanachekelea. Naipangusa kila asubuhi kwa kitambaa laini, kwa adabu kabisa, kama ilivyo kwenye kijitabu.

Kaka kapiga mara mbili. Niliipandisha simu juu ya kiti, kaona picha inawaka, karidhika. Baba anatazama wapi, hakuuliza. Nilipotaja tarehe 27 kasema mtandao unakatika.

Jumanne, 22 Aprili

Mpira leo. Baba alipenda mpira, nikasema ngoja nimbadilishie. Nikatoa picha, nikaweka mechi.

Wapo.

Uwanja wa kijani, wachezaji wanakimbia, na wao watatu wamesimama katikati kama alama ya maji kwenye ukuta. Nikabadilisha chaneli. Wapo. Taarifa ya habari – wapo, usoni kwa mtangazaji. Na imekaa kinyume! Palipokuwa peupe ndipo palipochoka. Mashati yamekuwa meusimeusi. Meno yamekuwa meusi. Kaka kawa kibogoyo wa skrini nzima. Ile kona ya kidole changu peke yake ndiyo imebaki safi, inang'aa kama siku ya kwanza, maana pale palikuwa peusi tangu mwanzo.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaogopa. Halafu nikacheka tena. Baba naye kaitazama muda mrefu, jicho lile la kazi, kichwa upande. "Mbaya," kasema. Sijui alimaanisha rangi au watu.

Nilijua itatokea? Fundi aliniambia. Nimeandika mwenyewe tarehe 2 Machi, kwa mkono wangu. Siwezi kujidanganya kwenye daftari langu. Nilijua. Sikujua ingeniuma hivi. Kitu kizuri kile, na nyeusi ile aliyoipenda baba, nimeiua mimi kwa hasira.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimemtumia kaka picha. Sikuandika neno.

Dakika mbili! Hazikufika mbili. Simu ikalia. Hakusalimia. Nani kafanya hivi? Umegusa nini? Nikamsomea maagizo yake moja baada ya jingine, na mishale yake myekundu. Kisha kasema nisiguse kitu chochote, nisimwite fundi yeyote, waranti bado ipo, anakuja mwenyewe kuichukua airudishe dukani. Lini? Jumapili.

Na semina? Ataahirisha.

Baba alipolazwa wiki tatu, kaka hakuweza. Kidonda cha mgongoni kilipotunga usaha, hakuweza. Alipoanguka bafuni nikambeba peke yangu, nyonga inanikaza mpaka leo, hakuweza. Televisheni imepata kivuli – anakuja Jumapili.

Nimemtumia ujumbe Mama Pazia: nipo.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimeandika karatasi. Saa za dawa. Namna ya kumgeuza – ubavu wa kulia kwanza, mto katikati ya magoti. Uji usiwe wa moto. Saa kumi abadilishwe. Akisema "basi" ameshiba, akisema "basi basi" anataka choo. Kurasa mbili. Nimezibana kwenye pazia kwa pini nne, pale mtu hawezi kusema hakuona.

Baba nimemwambia. Wiki tatu tu, baba. Kanitazama. "Mama," kasema, anavyoniita tangu nikiwa mdogo. Basi.

Jumapili, 27 Aprili

Saa nane na dakika arobaini. Naandika nimesimama, kwenye meza ya cherehani.

Kaka kafika na mkoba wa bisibisi na blanketi kuukuu. Kapita mlangoni, kaniambia "vipi", kaenda moja kwa moja ukutani. Kaiwasha, kajiona, katukana. Baba yuko dirishani, karibu amkanyage mguu. Baba kageuka, kamtazama huyu mtu na bisibisi zake. Kaniangalia mimi, karidhika kabisa.

"Fundi kaja," kasema.

Nikasema baba, huyu ni mwanao, mkubwa wako. Baba kaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu anavyomwitikia mgeni. "Fundi," kasema tena, halafu kalirudia bango lake. Kaka kacheka, mzee bado ana utani wake. Hakuna aliyemsaidia kucheka. Kaka akashika bisibisi, akainama, akakaa hivyo muda kidogo bila kufungua kitu chochote.

Kisha kasema anageuza kurudi kwake kabla jua halijazama. Nikamwonyesha karatasi. Kasema tutaongea, kwanza tuishushe hii.

Honi ya kwanza ilikuwa sasa hivi. Mama Pazia kawahi.

Kaka kashaitoa ukutani. Naiona kutoka hapa – kaikumbatia yote, mikono miwili imetanuka, shavu kwenye kioo. Peke yake hawezi kuilaza, na hawezi kuiachia. Shika huku chini, mdogo wangu! Uko wapi? Itaanguka!

"Basi basi," baba anasema.

Honi ya pili. Begi liko mlangoni. Kaka anaita, na baba sasa anaita, "Mama, basi basi," na katika chumba kile mwenye mikono mitupu hakuna.

Kiatu kimoja nimeshavaa.