Filamu ya Wezi Aliyoitafsiri Babu Yako

Mjukuu wangu Eliya,

Huku ugenini Penrith tu wazima. Mama yako amepata kazi mtaa wa Westmead. Miwani ya marehemu babu yako bado iko juu ya televisheni. Unauliza kama siku ya kumaliza matanga yake tuseme Daniel wako ni rafiki yako tu.

Tulipokuwa kambini, wakimbizi, babu yako ndiye aliyetutafsiria filamu kwenye kibanda cha video. Siku moja, katika vichekesho vya wezi, jambazi aliacha dhahabu akarudi kumwokoa mwanamume mwenzake. Walipokumbatiana, jambazi akasema neno, na watazamaji wakamfokea babu yako, "Wee, sema ni ndugu yake!" Mmoja akamnyanyulia kigoda.

"Kasema ni mpenzi wake," babu yako akajibu. "Mimi natafsiri alichosema."

Kigoda kikashushwa polepole.

Njoo na Daniel. Watu wakiniuliza ni nani, nitawajibu kama alivyojibu babu yako.

Bibi yako