Kadzo, Nilikutaja Wewe

Dada Kadzo,

Leo sikuulizi hali. Nimekuja na aibu yangu, na naomba unisikilize kabla hujanikasirikia.

Unakumbuka yale mafunzo ya kuongoza miradi tuliyopelekwa na hoteli, mimi na wewe? Mwalimu alitufundisha kusimama duara kila asubuhi, kila mtu aseme amefanya nini na amekwama wapi. Ukanifinya paja, ukaninong'oneza, "Dama, sisi watu wa huku hata nyumba ikiwaka moto, ukiulizwa hali wajibu salama. Hilo duara litaweza kweli?" Nilicheka mpaka mwalimu akaniangalia vibaya.

Basi baada ya kukuzika kule kwenu nilirudi Shanzu, nikaachiwa peke yangu mradi wetu wa kuhamishia dobi jengo jipya. Kila asubuhi nawasimamisha wenzetu kati ya vikapu vya mashuka. Nao husema salama, mmoja baada ya mwingine, kama ulivyobashiri. Nami nilisema hivyo hivyo, huku najua sijamwita fundi wa kuvuta umeme. Kazi hiyo ilikuwa yangu tangu mwanzo. Niliisahau, kisha nikaona haya kusema.

Mashine zikafika, umeme hakuna. Wageni wakapewa taulo mbichi. Meneja akaja mwenyewe kwenye duara, akauliza umeme ulikuwa mkononi mwa nani.

"Hilo alikuwa nalo marehemu," nikasema.

Wote wakainamisha vichwa. "Mungu amlaze pema," wakasema, na swali likaishia hapo. Ningependa kukwambia kwamba neno liliniponyoka. Halikuniponyoka, Kadzo. Nilijua hakuna atakayemlaumu marehemu, ndiyo maana nikakutaja. Jioni nikarudi Kisauni, nikala, nikalala vizuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa umeme umeingia, mashine zinafua, na mimi nasifiwa kwamba mafunzo yamefaa. Lakini juzi Sidi wako alikuja kuomba kazi pale dobi. Alivaa ile blauzi yako ya kanisani. "Shikamoo, mama mdogo," akaniamkia. Alipoondoka, meneja akanigeukia.

"Si binti wa yule aliyetuangusha na umeme? Ngoja nifikirie."

Ningeweza kusema pale pale. Nikajibu, "Sawa, bosi."

Huna ulichomwachia mtoto ila jina lako, nami ndiye niliyelichafua. Sijui nitafanywa nini. Huenda nikavuliwa uongozi, pengine na kazi yenyewe. Naogopa, siwezi kukuficha.

Pumzika, dada yangu. Nimemwomba meneja aje kwenye duara kesho, na Sidi nimemwambia afike mapema, asimame karibu nami. Zamu yangu ikifika, sitasema salama.

Mwenzio,
Dama